Glenys Aliyejiandikia Moja

Wasikilizaji wapendwa, leo msitarajie sauti ya kubembeleza. Glenys Trembath amefariki. Narudia: Glenys Trembath wa hapa mjini kwetu Longreach, mpanga sufu kwa madaraja, amefariki akiwa na miaka hamsini na miwili. Gari lake lilipinduka mchana kweupe. Alisinzia kwenye usukani kwa sababu ya vidonge vya kuzuia mwasho.

Miaka sita Glenys alitokwa na mabaka mekundu ya kuvimba, leo mapajani, kesho midomoni. Asubuhi yanawaka, jioni hayapo. Kwa hiyo kila alipoendesha gari siku nzima kwenda kwa daktari bingwa huko pwani, alifika na ngozi laini.

"Sasa mama, hapa nitibu nini?" daktari alimwuliza.

Akapewa fomu. Kwa siku saba, kila siku aandike mabaka ni mengi kiasi gani, sifuri hadi tatu. Mwasho nao, sifuri hadi tatu. Wiki mbaya kabisa, jumla yake ni arobaini na mbili. Ili apate sindano ya kuzuia mabaka, isiyoleta usingizi, lazima afikishe ishirini na nane. Ishirini na nane, wasikilizaji.

Glenys alipeleka kumi na nne.

Mnajua kwa nini. Kwenye mabanda yetu ya kukatia kondoo manyoya, mtu hata akichanwa na mashine hadi mfupa, ukimjulia hali atakujibu, "Si mbaya." Kaka yake Colin, msimamizi wa banda, alimkuta na ile fomu wakati wa chai. "Jamani, njooni muone! Glenys anaiandikia serikali barua kwamba anajikuna!" Banda zima likacheka. Glenys naye akacheka, akaandika moja, na siku zote saba moja hiyohiyo. Shingo yake ilikuwa inatoka damu.

Dada yao Noreen ndiye aliyemkaripia. "We Glenys, sufu mbovu ungeipiga muhuri wa daraja la kwanza?"

"Thubutu! Wangeninyang'anya muhuri."

"Sasa mbona ngozi yako unaipiga muhuri wa uongo?"

Glenys akachukua fomu nyingine. Wiki iliyofuata aliandika ukweli: thelathini na saba.

Daktari akatazama karatasi zote mbili. "Juzi kumi na nne, leo thelathini na saba? Nani kakufundisha?" Akamwambia aanze upya, aendelee na vidonge vilevile vya mwasho vinavyoleta usingizi. Mtu huyo alishika karatasi mbili mkononi akachagua kuamini ile ya uongo. Siku tisa baadaye, gari likapinduka.

Mazikoni Colin alisimama akasema, "Dada yangu hakuwa mlalamishi." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilitoka nje, na kama mliniona, mliona sawa. Colin alinifuata. "Nilikuwa namtania tu," akasema. Mzaha mzaha, Colin, hutumbuka usaha.

Noreen, pole sana. Poleni wana wa Glenys, Bronwyn na Keith. Hata wewe Colin, pole, maana alikuwa dada yako na utaishi na hilo.

Na wewe unayenisikiliza huku unajikuna chini ya meza, fomu iko mbele yako na umeandika moja. Futa hiyo moja. Andika ukweli: tatu. Atakayekucheka, mlete hapa studioni, nimwulize Glenys yuko wapi.