Kindi na Mti Aliougonga Upande Mmoja

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa reli na mkunga. Jina la Kindi alipewa na baba yake, maana kila alipotafutwa aoshe vyombo alikuwa juu ya mti, na kushuka hataki. Likamganda. Hata sisi mawifi zake tulipojaribu kumwita kwa heshima, hakuitika.

Alimaliza sekondari mwaka 1982, akaingia chuo cha misitu akiwa msichana peke yake darasani. Mwaka 1986 alianza kazi kwenye bustani za manispaa, na baadaye yeye na kaka yake wakafungua kampuni ya kutunza miti: dada juu, kaka chini ameshika kamba na kupiga kelele. Kindi alikuwa na misimamo yake, na alitusumbua nayo. Mti ulio hai hakuupanda kwa viatu vya misumari, kwa sababu vinauachia vidonda. Wala hakukata mti mzima eti mwenye nyumba amechoka kufagia majani.

Ndivyo alivyompata mume, ambaye ni ndugu yetu. Ndugu yetu alimwita Kindi aje akate mti uliokuwa ukiziba mifereji ya paa. Kindi akapanda, akachungulia, akashuka. "Mti hauna kosa," akamwambia. "Wewe ndiye hujasafisha mifereji tangu uhamie." Ndugu yetu akasafisha, akamwita aje akague. Akamwita tena. Jamani, hakuna mifereji iliyowahi kukaguliwa namna ile! Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1991, wakajaliwa binti na mwana.

Mwezi Juni 2006, fundi cherehani mmoja alimwomba amkagulie mti mkubwa nyuma ya duka lake. Mvua ilikuwa imeanza. Kindi aliugonga kwa nyundo ya mbao upande wa dukani, asikie kama umeoza ndani, akaridhika na mlio wake, na hakuzunguka ukuta augonge upande wa pili. Akasema ni mzima. Wiki iliyofuata mti uliangukia duka, ukamvunja fundi mguu wa kukanyagia cherehani.

"Sema ni upepo," kaka yake alimsihi. "Si kweli upepo ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Lakini mti ulikuwa umeoza upande ule ambao sikwenda kuuangalia."

"Tutakosa kazi mji mzima, dada!"

"Basi tukose."

Akaenda hospitali, akamwambia fundi mwenyewe, uso kwa uso. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akageukia ukutani. Kazi zikakauka kweli, na kaka akanuna. Duka lilipofunguliwa tena, Kindi alikwenda kila alasiri kukanyaga cherehani huku fundi akiongoza kitambaa. "Pole pole, mama, huu si msumeno!" tulikuwa tukimsikia fundi akifoka. Siku moja mteja akauliza ni nani anayeweza kumkagulia mti wake. Fundi akamwonyesha kwa kidole mama aliyekuwa akikanyaga. "Huyu hapa. Huyu akikosea, atakwambia mwenyewe." Tangu siku hiyo kazi zikaanza kurudi.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alipoona mwili umeshindwa, aliomba asomewe wasifu wake. Kaka yake alikuwa ameandika kwamba mwaka 2006 upepo mkali uliangusha mti.

"Upepo tena?" Kindi alisema, na sauti ilikuwa imemkauka. "Futa."

"Dada, watu watakukumbuka kwa hilo."

"Wanikumbuke. Mkilificha hilo, yale mazuri nani atayaamini?"

Kaka alilia mbele yetu sote bila aibu, akafuta, akaandika habari ya mti kama mlivyoisikia. Kindi akaomba asomewe upya, akatikisa kichwa kukubali, akaomba maji. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Mei 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Tumeumia, tusidanganyane.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu, sisi mawifi zake, kaka yake, na fundi cherehani, ambaye kaka amekwenda mwenyewe kumtoa viti vya nyuma na kumketisha mstari wa mbele, pamoja na familia.

Wifi, tumeusoma wasifu wako wote, na la mti hatukulificha. Pumzika kwa amani.