Lango Lisifunguliwe Mpaka Aitikie

Royce, ingia, vua kofia, ukae. Na wewe Marlys usinyanyuke, kaka yako haumi mtu. Nipeni masikio wanangu, nyote wawili kwa pamoja, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo moja mara mbili.

Jumamosi mashindano ya vijana wa kanda, ya kupanda mafahali na mbio za farasi, yatafanyika hapa hapa kwetu, niwe hai nisiwe hai. Watoto wanatoka hadi Miles City, mwaka mzima wameiota siku hiyo, na wazazi wao watakuja wakivuta matela ya farasi. Sitaki mtu awageuze getini eti kwa sababu mzee mmoja amekufa. Nikifa Alhamisi, nizikeni Jumatatu. Mchungaji nimeshamwambia, akacheka, akasema hajawahi kuona maiti mwenye ratiba.

Malisho ya juu ni ya Royce, pamoja na ng'ombe. Nyumba hii na bonde lote hadi mtoni ni vya Marlys. Lakini uwanja, vizimba vya mafahali, na lile jukwaa la mbao alilolipaka rangi mama yenu akiwa na mimba yako, Marlys, hivyo sivigawi. Ni vyenu wote wawili. Msinitazame hivyo, najua ninachofanya.

Wasichana wa mbio za mapipa, wale wanaoyazunguka mapipa kwa farasi, wakishapita kumi, leteni trekta mlainishe udongo, hata watu wakipiga miluzi, ili wa mwisho akanyage ardhi ile ile aliyoikanyaga wa kwanza. Mama yenu alikuwa mkali kwa hilo. Nilimpenda sana juu ya trekta lile, vumbi usoni, akiwaambia wanaume wenye haraka waende kwao wakawahi chakula.

Sasa lile linaloniuma. Mnakumbuka Shelby, mwanao Marlys, alivyokuwa ndani ya kizimba, mgongoni mwa fahali, akaishindilia kofia yake isianguke. Royce ameshika lango. Akaona kichwa kimeinama, akadhani mtoto ameitikia, akafungua, na Shelby hata kamba alikuwa hajaikaza mkononi. Mguu ule tuliusikia ukivunjika. Hapa kwetu hakuna sheria kubwa kuliko hii: awe mwamuzi, awe baba mzazi, hakuna wa kumwamulia mpandaji, lango halifunguliwi mpaka aitikie mwenyewe kwa kichwa.

Toka siku ile, Marlys, hujamtaja kaka yako kwa jina. Unamwita "yule". "Mwambieni yule kahawa ipo." Binti yangu, ulikuwa na haki ya kukasirika, hata mimi nilikasirika. Ila wewe hukumwona nilivyomwona mimi, yuko peke yake kwenye kizimba kitupu, analifunga lango, analifungua, analifunga tena, machozi yanamtoka.

Jana Shelby, mguu umeshapona, alikaa hapo ulipokaa. Nikamuuliza, "Jumamosi nani akushikie lango?" Akasema, "Mjomba Royce." Nikamwambia, "Mama yako atakutoa roho." Akasema, "Babu, hakuna mtu atakayekitazama kichwa changu kwa makini kumshinda yeye."

Lia tu, Royce, hakuna mgeni humu.

Basi wosia wangu ndio huu. Royce atalishika lango, na wewe Marlys utasimama ubavuni pake, siyo jukwaani, umwone anavyomngoja mwanao. Na siku hiyo umwite jina lake. Likikushinda kwa sauti kubwa, liseme pole pole, atalisikia.

Nipe maji, mama. Kidogo tu. Inatosha.

Mungu awabariki. Awalinde na watoto wote watakaoingia uwanjani, watoke kwa miguu yao. Sogeeni... Marlys, mkono wako. Siyo huo, huo mpe kaka yako. Hivyo hivyo.

Sasa nisikilizeni. Nikianza kwenda... msiniharakishe, wala msinishike. Nitazameni kichwa tu. Nikiitikia... fungueni. Wote wawili.