Vitanda vya Kirigizistani

Katika Noah ya kutoka Itilima kuja Bariadi, mbele yangu alikaa mama mmoja wa kijiji cha Migato, aitwaye Ng'washi, akienda kumwona mkwe wake aliyelazwa wodi ya wazazi. Pembeni yake alikuwa Danford, daktari kijana aliyerudi juzijuzi kutoka masomoni Kirigizistani. Alitamani sana kuulizwa habari za huko, na mama akamuuliza.

"Mayu, kule walirithi hospitali nyingi mno za enzi za Usovieti," Danford alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mtu akikohoa tu, analazwa wiki tatu. Wakafanya mageuzi, wakapunguza vitanda."

"Wakavipeleka wapi?"

Danford akacheka. Mama hakucheka.

"Nauliza kweli, baba. Mkwe wangu analala na mwenzake kitanda kimoja, kichwa huku, kichwa kule. Uchungu ukimshika mmoja, mwingine anakula mateke. Ungeomba hata kimoja!"

"Shida si kitanda, mayu. Mfumo mzuri unazuia watu wasifike hospitali."

"Mimba ya miezi tisa utaizuiaje?"

Gari zima tulimgeukia daktari. Akaeleza, jasho likimtoka, kwamba kule kila mtu ana daktari wa familia anayemjua kwa jina na kumfuata hadi kijijini.

"Hilo zuri," mama alikubali. "Wewe unakuja Migato lini?"

"Mimi nimepangiwa ofisini, mayu. Kitengo cha mageuzi."

Noah ikasimama stendi. Mara ya mwisho niliwaona wakielekea hospitali, Danford akilalamika kwamba anachelewa kuripoti, na mama amemshika mkono wa shati.