Brigita Analala Shambani Kwake

Poleni wote mliofika, wa Endamarariek, wa Karatu mjini, na nyie mliotoka Endulen na mvua hii. Mimi ni Katarina, mama yake Brigita, kusoma sijui, tarehe amenikaririsha mjukuu wangu Angelina, mengine nayajua mwenyewe kwa sababu nilikuwepo. Tangu juzi ukoo mzima tunabishana huyu mtoto azikwe wapi, kwa hiyo nasema maisha yake yote, halafu mtajua kwa nini nimeamua nilivyoamua.

Brigita Marseli alizaliwa hapa Endamarariek tarehe 14 Agosti 1979, mtoto wangu wa pili, wa kwanza ni Vedasto, yule pale mwenye koti. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza 1994, akafaulu, lakini Vedasto alikuwa tayari sekondari na baba yao alisema wawili hawawezi, basi Brigita akabaki, wala hakununa, akaenda Oldeani kuchuma kahawa, na sabuni ya kaka yake shuleni ilitoka kwenye mikono yake.

Huko Oldeani alikutana na Simon, kibarua wa kutoka Singida, wakafunga ndoa kanisani tarehe 6 Oktoba 2001, Mungu akawapa Angelina na Patrisi. Akapata kazi kambi ya watalii kule juu Ngorongoro, akaanza kuosha sufuria, akaishia kuwa shefu, mkate wake wageni walikuwa wanaufunga kwenye leso waondoke nao. Simon alipofariki, 2013, mzee wangu akamkatia binti yake shamba hapo barabarani, Vedasto akasema mtoto wa kike hapewi shamba, mzee akamwambia, huyu ndiye aliyekusomesha, nyamaza. Vedasto hakulisahau neno hilo.

Mwaka 2018 Vedasto akaja na watu wa mradi, kijiji, kanisa moja na loji moja, wanasema wameungana kuondoa umaskini, vijana wafundishwe kupika, kutandika na kuhudumia wageni, halafu loji iwaajiri. Wakataka mahali pa kujenga darasa. Shamba la Vedasto nalo liko barabarani, lina mbaazi, hakulitoa, alisema, dada, toa lako, si wewe unawapenda vijana? Brigita akatoa, kwa mdomo tu, mbele yetu, kwa sababu ni kaka yake. Mawe tulibeba wote, wengine mlibeba mkiimba.

Alifundisha hapo mpaka vijana wakaanza kupelekwa loji, wanaambiwa ni kujifunza kwa vitendo, wanatandika msimu mzima bila mshahara, msimu ukiisha wanarudishwa, wanapelekwa wengine. Brigita akasimama kwenye mkutano akauliza, ajira iko wapi? Vedasto akamjibu, wewe kazi yako jiko, mambo ya wabia tuachie, watu wakacheka, na wanafunzi wake wakaangalia chini, kila mmoja anaogopa kukosa nafasi. Hilo lilimuuma kuliko la kaka yake. Februari 2023 akakuta kufuli jipya, vitanda vya kujifunzia vimefungwa vyandarua, darasa limekuwa vyumba vya watalii.

Aliugua Juni 2024, kansa ya kizazi, akatibiwa Karatu, akapelekwa Moshi, akarudi nyumbani, akafariki tarehe 9 Mei 2025 mikononi mwangu, akiwa ameniomba alale shambani kwake. Jana Vedasto akaniambia, Aayo, mama yangu, tumpeleke makaburi ya kanisa, mgeni gani atalala na kaburi dirishani? Nikamwambia, ndiyo hivyo, mwanangu, hatalala. Usisimame, Vedasto, kaa, na wewe nilikuzaa mimi.

Nawashukuru madaktari na manesi wa Karatu na Moshi, majirani mliomgeuza kitandani mgongo wangu uliposhindwa, na wenzake wa kambini waliokuja na unga wao wakapika hapa. Wabia wa mradi, shada lenu nimeliona, asante, lakini ningefurahi zaidi mngeleta funguo.

Na nyie wanafunzi wake mlioangalia chini siku ile, leo asubuhi mmekuja na majembe bila kuitwa, mmechimba mbele ya dirisha la kati, na aliyewatisha kwamba mtakosa kazi ya loji hamkumsikiliza. Mwalimu wenu amewaona. Haya, mnyanyueni, twende naye.

Brigita, binti yangu, shamba ni lako, lala, upumzike kwa amani.