Kasyoka Alipimwa Mara Nne

Kijiwe chetu hapa Kabati ni benchi moja mbele ya duka la Abukar, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye asubuhi hutupikia kahawa ya tangawizi. Ni mwaka wa themanini na nne, mvua imetukataa mara mbili, na hao mbuzi wenyewe sitaki kuwaongelea. Tuko wanne: Abukar, Nzioka, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, Jonah mzee wa kanisa, jina Askofu, na mimi Karani, msoma barua za watu. Jana kwa baraza chifu alisoma ripoti ya wale vijana wa utafiti waliopima watoto mikono kwa utepe. Watoto wa kijiji chetu ni wazima, ikasema. Kwa hivyo uji wa maziwa wa msaada wote unaenda upande wa Ikutha.

— Utepe ulikuwa mbovu, Redio akaanza. Jua liliuvuta, ukasoma vibaya.

— Ukivutika si ungetusoma wembamba zaidi? nikamwambia.

— Basi uliingia baridi.

— Si utepe, Askofu akasema. Ni kompyuta ya Nairobi. Ile mashine haijui Kikamba. Ikiona jina gumu inaweka alama nzuri, iendelee na kazi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hapo kibaba kinaingia wapi, mzee?

— Kinaingia tu.

Abukar akamimina kahawa.

— Mimi nawaambia ni watu wa Ikutha. Walisikia utafiti unakuja, wakakonda makusudi. Wiki mbili hawakula.

— Wangekula nini, Abukar, na huko hata punda wamekufa?

— Ndiyo maana iliwezekana.

Walicheka. Mimi nikakasirika, na nilijikasirikia mwenyewe kwanza.

— Tuache uongo. Nani alisema mgeni asionyeshwe mtoto mwembamba?

— Tulisema sote, Askofu akajibu polepole. Mgeni anapewa kiti kizuri, kikombe kizuri. Utamwonyesha aibu ya ukoo?

— Na Kasyoka wako, Redio?

Redio akatazama chini. Kasyoka ni binti yake, mnene, bado ananyonya. Siku ile ya kupimwa tulimpitisha nyuma ya ua, boma hadi boma. Alipimwa mara nne: na kofia, bila kofia, amefungwa leso, na mwisho akiwa uchi. Vijana walikuwa wamechoka na jua, wakaangalia mkono tu, uso hawakuangalia. Mimi ndiye niliwaongoza, nikitembea pole ili Kasyoka atangulie, na kila boma nikataja jina la mtoto wa pale. Jioni tulicheka mpaka machozi. Naona haya kusema hivyo, lakini tulicheka.

Hapo ndipo Kalunde alitokea kutoka zahanati, mjane wa ng'ambo ya korongo, mtoto wake Ndululu mgongoni.

— Hamjambo wazee.

— Hatujambo mwaitu, mama yetu. Habari ya zahanati?

— Nesi amempima huyu. Utepe umesimama kwa nyekundu, ile ya njaa kali. Halafu akafungua daftari ya utafiti, akaona jina la Ndululu na langu hapo. Imeandikwa mtoto ni mzima. Ameniambia uji ni wa Ikutha, huku hakuna hata kijiko.

Mkono wa Ndululu ulikuwa umening'inia begani kwa mama yake. Niliuona vizuri, sikutaka kuuona.

— Sasa mimi siku ile nilikuwa mtoni tangu alfajiri nikichimba maji, na huyu mgongoni hivi hivi. Karani, wewe ndiye ulizunguka na wale vijana. Nyumbani kwangu walipima nani?

Askofu alianza methali, akaiacha. Redio akainuka, akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Hana ng'ombe.

Nilimwambia Kalunde aketi kwanza, anywe kahawa. Hakuketi. Alisimama pale akinitazama, akingoja nijibu.