Mwalimu Joyness, Darasa la Ususi na Mkorogo wa Muleba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha ususi na urembo chuoni kwetu hapa Hamugembe, Mwalimu Joyness Ndyamukama anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Mimi nafundisha ushonaji chumba kinachopakana na chake, na tangu alipotutangazia wakati wa Pasaka kwamba anaondoka sina raha. Hadi ninapoandika, wa kumrithi hajapatikana, na wasichana kumi na wanane wako katikati ya mafunzo.

Alizaliwa Kaagya. Baba yake, mzee Gamaliel, alitaka awe muuguzi, na kwa miaka mingi aliwaambia majirani kwamba binti yake anafundisha mjini, bila kutaja anafundisha nini. Aliacha kuona haya pale msichana wa jirani, aliyefundishwa na bintiye, alipowajengea wazazi nyumba kwa mapato ya saluni. Tangu hapo mzee akawa anatuletea wanafunzi yeye mwenyewe.

Darasa lilianza na viti viwili na chanuo la chuma la kupasha kwenye jiko la mkaa. Vichwa vya kufanyia mazoezi havikuwepo, basi tukawa sisi. Wakati huo nilikuwa bado na nywele, na siku moja niliingia kikaoni upande mmoja umesukwa, mwingine umetimka, kwa sababu mkuu wa chuo hakutaka kunisubiri.

Leo wanafunzi wake wana saluni kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba, na wengi wameajiri wenzao.

Linalofuata ningeliruka, lakini ameniagiza nisiliruke.

Mwaka 2019 Evelyne Kahigi, aliyehitimu kwetu na kufungua saluni Muleba, alipiga simu akilia. Bibi harusi mmoja alitaka kung'aa kabla ya sherehe. Evelyne akampaka mkorogo wa kuchubua ngozi, wa kopo lisilo na jina la mtengenezaji, na uso wa binti yule ukavimba hadi macho yakafumba. Ndugu zake walikuwa wamejaa mlangoni. Wasichana watatu walioajiriwa pale walikuwa wamekimbia.

Mwalimu Joyness alipanda basi la kwanza. Alishinda hospitali na mama wa bibi harusi, bila kujua kama binti ataona tena. Jioni daktari aliposema macho yamesalimika, ndipo alipomgeukia Evelyne na kumuuliza ni lini alimfundisha kazi ya namna ile.

Evelyne alijibu taratibu: "Mwalimu, darasani ulitukataza. Lakini sisi tulikuwa tunakuangalia uso."

Mwalimu alikuwa akijichubua tangu kabla ya ndoa yake, na sisi wenzake tulijua, tukanyamaza.

Jumatatu iliyofuata alisimama mbele ya wanafunzi akaeleza yote, kisha akaacha kupaka. Uso ulitoka mabaka kwa karibu mwaka mzima, naye alikuja kazini kila siku bila kujifunika. Mzazi mmoja alimwondoa binti yake, akisema mwalimu wa urembo hawezi kuwa na sura ile. Wengine wawili wakafuata. Tuliogopa darasa litafungwa, na nadhani yeye aliogopa kuliko sote, maana alikonda.

Darasa halikufungwa. Bibi harusi alipona, ingawa alama ilibaki shavuni. Evelyne alifungua tena baada ya miezi minne. Kati ya wasichana wake watatu wa kazi, wawili walirudi, wa tatu hakurudi. Tangu hapo kopo lisilo na jina haliingii darasani, na Mwalimu hukagua mikoba mlangoni bila kumwonea mtu aibu.

Hofu yangu ni hiyo hasa. Mikorogo inazidi kuuzwa, wasichana wana haraka ya kupata wateja, na kuanzia Jumanne sijui nani atasimama pale mlangoni. Nilipomweleza, aliniambia nisimame mimi. Nilimjibu kwamba mimi ni fundi cherehani. Akasema kusoma kopo hakuhitaji ususi.

Basi nitasimama, nikisitasita, hadi mwalimu mpya apatikane.

Kasinge waitu, ndivyo tunavyoshukuru kwa Kihaya, Mwalimu Joyness. Wafanyakazi wote tunakushukuru kwa mikono uliyoifundisha kazi, na kwa mwaka ule uliotufundisha kwa uso wako. Mungu akujalie afya, usingizi mzuri na kahawa inayozaa vizuri kule Kaagya. Wasiwasi tuachie sisi.

Nathanieli Kyaruzi, Idara ya Ushonaji