Wagonjwa Waitwe Kwanza: Maisha ya Evarista Tluway

Leo Jumamosi, tarehe 20 Mei 1989, saa saba na nusu mchana, manyunyu yakiwa yamekatika lakini ukungu wa msitu wa Ngorongoro ungali umelala juu ya mibuni, familia inawasomea ninyi waombolezaji maisha ya mama yetu, marehemu Evarista Tluway, kwa utaratibu aliouagiza mwenyewe, yaani tarehe zisirukwe na sifa zisiongezwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1934 huko Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Tluway na mama Antonia, akaingia shule ya misheni mwaka 1943, akasoma hadi darasa la nne na kuacha mwezi Novemba 1946, si kwa kushindwa masomo, bali kwa sababu kaka zake walikuwa wamekwenda kutafuta kazi mashambani na ng'ombe walibaki bila mchungaji.

Tarehe 9 Julai 1952 alifika Oldeani kuchuma kahawa, akakutana na Felisiani, mkata matawi kutoka Singida, wakafunga ndoa tarehe 16 Oktoba 1954 na kujaliwa watoto wanne, Sara, Damiano, Wilibrodi na Petronila, ambao wote wapo hapa, ingawa Wilibrodi, anayefundisha shule huko Digodigo, amekaa siku mbili juu ya lori na kufika asubuhi hii akiwa na tope hadi magotini. Baba yetu Felisiani alitangulia mwaka 1979.

Tarehe 1 Februari 1962 marehemu alihamishiwa zahanati ya shamba, kuchemsha sindano, kufua bendeji na kuandika daftari la wagonjwa, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka, kazi aliyoifanya miaka ishirini na saba bila kupewa namba ya ajira ya kudumu, hivyo alibaki kibarua wa kipande, ile kadi ya siku thelathini ambayo mnyapara huitia alama kwa kila siku iliyofanyiwa kazi.

Kipande ndicho kilichomgombanisha na wakubwa, kwani kibarua hakutibiwa mpaka kadi yake iwe na alama ya siku ileile, na alama haikupatikana bila kwenda kazini, kwa hiyo aliyeshindwa kuinuka kitandani alihesabiwa hayupo, na asiyekuwepo hakuwa na dawa. Tarehe 22 Agosti 1974 kibarua mmoja kutoka Dodoma, Natalia, alirudishwa mlangoni kwa sababu hiyo akiwa na homa kali, akafariki kabla jua halijatua. Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, marehemu alikwenda pale majina yanapoitwa, akamwambia mnyapara kwamba kuanzia siku hiyo wagonjwa wataitwa kwanza na kutiwa alama, na mnyapara asipowaita, atawaita yeye mwenyewe, Mama Sara, na alipotishiwa kutolewa nyumba ya shamba alijibu, "Nyumba ni yenu, mdomo ni wangu." Tangu siku hiyo wagonjwa wanaitwa kwanza.

Jumamosi, tarehe 15 Oktoba 1988, saa nne asubuhi, uliitishwa mkutano katika ghala la kahawa ili kukusanya maoni juu ya pendekezo la kufuta sheria iliyomtaka mwenye shamba amtibu kila anayemfanyia kazi, na mahali pake kuweka bima ya matibabu ya kukatwa mshahara, yenye kadi kwa wenye namba ya kudumu peke yao. Wenye namba waliketi ndani, vibarua wakaachwa nje kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, wakinyeshewa, na katibu alipokuwa anaandika kwamba hakuna pingamizi, marehemu, aliyejiingiza na kuketi karibu na mlango, alisimama na daftari la wagonjwa kwapani.

"Mama Sara, kaa chini, hujaitwa," katibu alisema.

"Ndiyo shida yenyewe, mwanangu. Mimi sijaitwa, na walioko nje hawajaitwa. Basi leo nitaita mimi."

Akasimama mlangoni, nusu ndani nusu mvuani, akasoma kwa dakika hamsini majina ya vibarua waliotibiwa mwaka ule, na kila aliyekuwepo akaitika "Nipo!", huku Ismaili, mkata matawi, akipaza sauti, "Soma polepole mama, huyu hajazoea kuandika majina yetu, mkono utamuuma!", hata wenye namba wakacheka, na mwisho katibu akaandika kuwa vibarua 217 wanapinga kuachwa nje ya sheria.

Majibu kutoka juu hayajafika, na familia inasema mbele ya viongozi mliopo kwamba sheria yoyote itakayomwacha kibarua nje itatukuta mlangoni palepale, na daftari lilelile.

Marehemu alianza kuvimba miguu mwezi Februari mwaka huu, akalazwa tarehe 2 Mei kwa maradhi ya figo, na akiwa kitandani, akisomewa muhtasari wa mkutano ule, aligundua kosa lake mwenyewe, kwamba aliyewaita wote hakujiita, kwa sababu katika miaka yote ile hakuwahi kujiandika kwenye daftari la wagonjwa. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, kisha akamwambia Damiano, "Nenda kawaambie hesabu yao haijatimia. Na mimi ni kibarua." Tarehe 16 Mei katibu alinung'unika, akasahihisha kwa wino mwekundu na kutia saini, marehemu akaonyeshwa nakala siku iliyofuata, na Alhamisi tarehe 18, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 55, akiacha watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumuuliza kadi, majirani mliolala msibani na kupika, wafanyakazi wenzake wa zahanati, na ninyi vibarua, ambao kwa wosia wake mtaitwa kwanza kuweka udongo.

Pumzika kwa amani, Mama Sara, umeita, umeitwa, na hesabu imetimia: 218.